Kadi Mbili za Agathe wa Foni

Ukifika Kalundu ukauliza nyumba ya Agathe, watu watataka kujua ni Agathe yupi. Ukisema Agathe wa foni, utaelekezwa mara moja, ingawa foni yenyewe, ile redio ya kuongelea iliyokuwa katika biro, yaani ofisi, ya kampuni ya meli, ilinyamaza miaka mingi iliyopita. Kwa miaka ishirini na sita Agathe aliketi mbele ya mashine ile akiuliza meli imetoka Kalemie saa ngapi, imebeba nini, nani kaugua njiani, mvua inanyesha upande gani wa ziwa. Kazi ilimfaa kwa sababu alizaliwa anauliza. Mdogo wake Ernestine, anayeuza sokoni ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, husema kwamba Agathe akipewa chai atataka kwanza kujua maji yalichotwa wapi.

Mwaka alipotimiza sitini na saba, jicho lake la kulia liliingia ukungu. Mwanzo alidhani ni miwani, akawa anaipangusa kwa ncha ya kitenge mara kumi kwa siku. Baadaye jicho la kushoto likaanza kufuata. Muuguzi wa kituo cha afya alimmulika kwa tochi ndogo, akamwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji wake si wa kuogopesha. Daktari wa macho angepanda Lemera katikati ya Julai, akae wiki mbili katika hospitali ya huko.

“Una kadi?” muuguzi akauliza.

Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mpango wa afya wa serikali, mpya, yenye picha yake akiwa amekodoa macho. Ya pili ilikuwa ya mutuelle, chama cha bima ambacho wafanyakazi wa meli walikianzisha wenyewe zamani ili wakizeeka wasihangaike. Chama kilikuwa na nyumba moja mjini iliyopangishwa kwa wenye maduka, na kodi yake ndiyo iliyowatibu wastaafu. Agathe alidhani mtu mwenye kadi mbili amelindwa mara mbili. Hakuwahi kuzitumia zote kwa pamoja, wala hakuwahi kukutana na mtu aliyewahi.

Alianza na mutuelle kwa sababu ilikuwa karibu. Katibu wake, Florentine, alikuwa binti wa mpishi wa meli, na alimpokea Agathe kama shangazi.

“Hii tutaisaidia, mama,” alisema. “Lakini sisi tunalipa kile kinachobaki. Serikali inatangulia, sisi tunafuata. Wakishaandika sehemu yao, uniletee ile fishi, karatasi yao, siku hiyohiyo nasaini.”

Agathe akaenda kwenye biro ya mpango wa serikali, upande wa Mulongwe. Huko alimkuta Héritier, mwanaume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, akasoma kwa muda, akasema kwa upole:

“Mama, weye uko na bima nyingine, ya kazi. Hiyo ndiyo inatangulia. Wao walipe kwanza, kitakachobaki tutakitazama sisi.”

“Wao wanasema ninyi ndio wa kwanza.”

“Hapana, mama. Iko wazi hapa.” Akaigeuza karatasi ya kanuni ili aione.

Jioni, Ernestine aliposikia habari hizo, alikasirika mpaka akaacha kupepeta unga. “Wanakuzungusha, yaya,” alisema. Yaya ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa. “Kesho ninaenda nawe, nitawaambia maneno.”

“Hawanizungushi,” Agathe alisema. “Kila mmoja alinionyesha kwenye karatasi, na sidhani kama kuna aliyedanganya. Kinachonisumbua ni hiki: inawezekanaje wawili wote wawe nyuma, na mbele pasiwe na mtu?”

Kesho yake alirudi Mulongwe kabla biro haijafunguliwa. Ernestine alimfuata, ameshika pochi kwapani kama mtu anayekwenda kugombana. Héritier alipowaona alivuta pumzi, akajitayarisha kusikia lawama.

“Sikuja kulalamika, mwanangu,” Agathe alimwambia. “Nimekuja kuuliza. Serikali yenyewe inatangulia kwa muntu wa namna gani?”

Watu waliokuja mbele ya meza ile waliuliza watapewa nini, au kwa nini wamenyimwa. Swali la namna ile Héritier hakuwahi kuulizwa. Alifungua kabati, akatoa kijitabu cha mwongozo, akatafuta ukurasa, akasoma polepole, akitafsiri kutoka Kifaransa. Mtu ambaye bado yuko kazini, bima ya kazi yake inalipa kwanza, serikali inaongezea. Mtu aliyekwisha kustaafu, serikali inalipa kwanza, na bima ya wastaafu inamalizia.

“Basi Florentine alisema kweli,” Agathe akasema. “Mutuelle yetu haipokei muntu ila aliyestaafu. Na weye pia unasema kweli. Sasa mimi kwako ni nani?”

“Kwangu weye uko kazini, mama.”

“Kazi gani?”

Akageuza kompyuta. Agathe akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akatumia pembe ya jicho la kushoto lililokuwa bado safi kidogo. Aliona jina lake, chini yake kazi yake, operateri wa foni, kisha jina la kampuni ya meli, kisha Kalundu. Mwisho kulikuwa na neno moja la Kifaransa ambalo Héritier alimsomea: yuko kazini.

“Na hizo meli ziko wapi?” Agathe aliuliza, si kwa kejeli. Alitaka kweli kujua kama kompyuta ilikuwa na habari za meli.

“Hiyo haikuandikwa,” Héritier alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Alimweleza jinsi ilivyotokea. Rejista ilijazwa kutoka kwenye orodha ambazo kampuni zilipeleka zamani. Kampuni ya meli ilipeleka majina ya walioingia kazini. Ilipoanza kufa, hakuna aliyekumbuka kupeleka majina ya waliotoka. Kwa hiyo kwa serikali Agathe alikuwa bado ameketi mbele ya foni, miaka saba baada ya kuondoka. Ili abadilishwe ilitakiwa karatasi ya mwisho wa kazi, iliyosainiwa na mwajiri.

“Mwajiri hayupo,” Ernestine alisema.

“Basi kitu kingine chochote cha kampuni, chenye tarehe. Tutazame.”

Njiani kurudi Kalundu Agathe alijiuliza jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: yeye mwenyewe alijuaje kwamba amestaafu? Barua haikufika. Hakuna aliyemwita ofisini. Ndipo alipokumbuka. Habari ilikuja kwa foni, kutoka Kalemie, kwa amri ya mkurugenzi wa kampuni, na aliyeipokea ni yeye. Na kanuni ya foni ilikuwa kwamba kila ujumbe unaandikwa kitabuni neno kwa neno, pamoja na saa.

Vitabu vya foni havikuwa tena Kalundu. Ziwa lilipopanda na kuingia ghalani, Léopold, mtunza ghala wa kampuni, alipakia karatasi zote kwenye lori na kuzipeleka kwake Lubarika, katika bonde la Ruzizi, ambako siku hizi analima mpunga. Jumamosi wale ndugu wawili walikodi pikipiki mbili wakaenda. Walimkuta Léopold uani, mzee mrefu aliyevaa kofia ya kampuni iliyopauka, akitengeneza jembe.

“Papa Léopold, tunatafuta kitabu cha foni cha mwaka elfu mbili kumi na saba,” Agathe alisema baada ya salamu na baada ya kuulizana juu ya watoto wote.

Hakuuliza cha nini. Aliwapeleka kwenye chumba cha mpunga. Juu ya magunia alikuwa amejenga chanja cha miti, na juu ya chanja vitabu vilipangwa kwa miaka. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa maji ya ziwa, lakini zilikuwa kavu. Alisema alizianika ukurasa kwa ukurasa, wiki nzima, akiwafukuza mbuzi.

“Kwa nini ulijisumbua hivyo?” Agathe aliuliza. “Kampuni ilishakufa.”

Léopold alionekana kushangaa. “Minye ni mtunza ghala. Hakuna aliyeniletea karatasi ya kutoa mali. Ningeziachaje?”

Waliketi kwenye mkeka mlangoni, penye mwanga. Agathe hakuweza kusoma kwa macho yale, kwa hiyo Ernestine alisoma. Alisoma kwa haraka akitafuta mwezi wa sita, lakini kila mara Agathe alimsimamisha. “Rudi hapo. Soma hiyo ya gunia za mahindi.” Ernestine akasoma: meli yenye mahindi imechelewa, mashine ya kushoto imeharibika, abiria mmoja amejifungua salama, mtoto wa kike. Agathe alikumbuka sauti iliyomwambia habari ile. Ilikuwa ya Kizito, mwenzake wa Kalemie. Kwa miaka kumi na tisa walisemezana kila siku, na hawakuwahi kuonana. Alipoulizwa na Ernestine Kizito alikuwa mtu wa namna gani, alishindwa kujibu ila kusema kwamba alikuwa anakohoa wakati wa kiangazi.

“Ni huu,” Ernestine alisema ghafla, akakaa wima. Akasoma:

“Tarehe ishirini na tatu Juni, saa nne na dakika kumi. Kutoka Kalemie kwenda biro ya Kalundu. Operateri Agathe anamaliza kazi tarehe thelathini mwezi huu kwa sababu ya umri. Hatawekwa mwingine. Kampuni inamshukuru kwa kazi yake njema. Imepokelewa na Agathe.”

Ernestine aliweka kitabu magotini. “Uliandika haya kwa mkono wako mwenyewe? Ulimjibu nini?”

“Nilisema, nimepokea.”

“Halafu?”

“Halafu nikamuuliza kama ziwa limetulia kwao. Kulikuwa na meli njiani.”

Ernestine alifunga kitabu taratibu, akakifunika kwa kitenge chake. Léopold aliwaandikisha jina na tarehe kwenye daftari la mali iliyotoka, wote wawili wakasaini, ndipo akawaruhusu kuondoka nacho.

Jumatatu Héritier alikisoma mara mbili. Alitazama mhuri wa kampuni uliokuwa kila ukurasa wa kumi, akaridhika nao. Kisha akauliza mwandiko ni wa nani.

“Wangu,” Agathe alisema.

Uso wa Héritier ulibadilika. “Mama, mkubwa wangu atasema muntu amejiandikia cheti mwenyewe.”

Ernestine alifungua mdomo, lakini Agathe alimgusa mkono. “Anauliza vizuri,” alisema. “Ningekuwa mimi ningekataa pia. Lakini ujumbe wa foni una pande mbili, mwanangu. Mimi niliandika niliyoyasikia. Yule wa Kalemie aliandika aliyotumwa kusema. Vikikutana vitabu viwili, je?”

“Vikikutana, sina neno.”

Namba ya Kizito ilikuwa kwenye orodha ya mutuelle, kwani naye alikuwa mwanachama. Florentine alimwandikia kwa tarakimu kubwa kwenye kipande cha karatasi. Agathe alishika simu muda mrefu kabla ya kupiga. Ilipopokelewa hakutamka jina lake. Alisema kama alivyosema kila asubuhi zamani:

“Kalemie, hapa Kalundu. Unanipata?”

Upande wa pili kulisikika kikohozi.

“Kalundu, nakupata vizuri,” ile sauti ilisema. “Sema.”

Kizito alikuwa hai, alikuwa na wajukuu wanane na goti bovu. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa chini ya kitanda chake, kikishikilia mguu wa kitanda uliovunjika. Aliposikia kinachotakiwa alimwita binti yake akainua kitanda, na kabla ya mchana picha ya ukurasa ilifika kwenye simu ya Ernestine.

Ernestine aliisoma mbele ya meza ya Héritier, na wote watatu waliinamia simu ile. Tarehe ni ishirini na tatu Juni. Kutoka kwa mkurugenzi, kupitia Kalemie, kwenda Kalundu. Operateri Agathe anamaliza kazi tarehe thelathini mwezi huu kwa sababu ya umri. Hatawekwa mwingine. Chini yake kulikuwa na saini ya Kizito.

“Endelea,” Agathe alisema.

“Imeisha, yaya.”

“Kuna maneno mengine. Kampuni inamshukuru.”

“Hayapo.”

Héritier aliweka kitabu na simu kando kwa kando, akapitisha kidole. Vilifanana mpaka pale, kisha kimoja kiliendelea na kingine kikanyamaza. “Hapa kuna shida kidogo,” alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba hakupenda kuisema.

Agathe hakuifikiria shida ile. Alifikiria yale maneno. Kwa miaka saba alikuwa ameyabeba bila kuyaonyesha mtu. Hakuwa mtu wa kutafuta sifa, lakini siku nyingine, akipita mbele ya ghala lililojaa maji, alijiambia kwamba angalau walishukuru. Sasa akataka kujua yalitoka wapi. Aliomba simu, akapiga palepale, akaiweka juu ya meza ili wote wasikie.

“Kizito, mwisho wa ujumbe ule, ile shukrani. Nani aliitoa?”

Kizito alikohoa.

“Mkurugenzi alinipa kile kipande cha karatasi,” alisema. “Nilisoma mpaka mwisho. Nikaona kitu hakiwezi kuisha vile, miaka yote ile. Kitabuni sikuandika, kwa sababu kitabu ni cha kampuni. Nilikuambia tu kwa mdomo. Nilikosea?”

“Hukukosea,” Agathe alisema. Kisha akaongeza: “Kwa hiyo ilikuwa ni weye.”

“Nilikuwa minye.”

Héritier alivua miwani yake akaitazama. Kisha akavuta karatasi, akaanza kuandika. Aliandika kwamba vitabu viwili vya kampuni, vilivyoandikwa katika miji miwili tofauti, vinakubaliana juu ya tarehe ya mwisho wa kazi, na kwamba tofauti iliyopo imeelezwa na aliyetuma ujumbe, kwa simu, mbele ya shahidi. Shahidi alikuwa Ernestine, ambaye alisaini kwa herufi kubwa kuliko inavyohitajika. “Kama watu wangepanga kudanganya,” Héritier alisema akipiga mhuri, “wangehakikisha vinafanana.”

Mkubwa wake alichukua siku nane kuidhinisha. Agathe alizitumia kumwuliza Héritier maswali mengine. Je, akipata ugonjwa katikati ya mwezi kadi ipi itangulie? Ile ya serikali, siku zote, maadamu yeye ni mstaafu. Na dawa ambazo serikali haina? Hapo mutuelle inaingia, lakini lazima fishi ya serikali iandikwe kwanza, hata kama imeandikwa sifuri. Na pensheni ambayo haijawahi kufika? Hiyo, Héritier alisema, ni biro nyingine, ila kosa laweza kuwa lilelile, na alimwandikia jina la mtu wa kumwona. Agathe aliyashika yote kichwani kama alivyoshika zamani saa za meli, akaenda kumsimulia Florentine. Florentine alipoulizia majina ya wanachama wake alikuta kumi na mmoja ambao rejista ilidhani bado wako kazini, Léopold akiwa mmoja wao. Walipompelekea Léopold habari hizo alisema hajaona kosa lolote.

Tarehe kumi na tisa Julai Agathe alipanda Lemera na mdogo wake. Huko juu kulikuwa na baridi, na Ernestine alilalamikia barabara mpaka mlango wa hospitali. Kwenye dirisha la mapokezi Agathe alitoa kwanza kadi ya serikali. Mpokezi alipomaliza kuandika, akatoa ya pili. Mpokezi aliandika bila kuinua kichwa, akawaonyesha benchi. Ernestine aliuliza kama ni hivyo tu. Ilikuwa ni hivyo tu: serikali ilibeba upasuaji na daktari, mutuelle ikabeba kioo kidogo cha kuwekwa ndani ya jicho, matone ya dawa na kitanda cha siku tatu.

Kabla ya kuchomwa sindano Agathe alimwuliza daktari atatoa nini hasa. Daktari, kijana mwenye haraka, alimweleza kwamba ndani ya kila jicho kuna kitu kama kioo, na chake kimekuwa kigumu na cheusi.

“Ukishakitoa unakipeleka wapi?”

“Tunakitupa, mama.”

“Usikitupe. Nataka kukiona.”

Kulipokucha walimfungua bandeji. Ukuta ulikuwa mweupe kuliko alivyodhani kuta zaweza kuwa. Aliutazama uso wa mdogo wake, akaona kwamba Ernestine amezeeka, akanyamaza asimwambie. Daktari alipopita alikuwa amesahau, lakini muuguzi hakusahau. Alileta kichupa kidogo chenye maji, na ndani yake kitu cha rangi ya kahawia iliyokoza, kidogo kuliko punje ya dengu.

Agathe alikiinua kuelekea dirishani. Alikigeuza upande huu na upande ule, akafumba jicho la kushoto ili akitazame kwa jicho jipya peke yake. Kwa kitu kile alikuwa ameona mama yake, ziwa, na kila ukurasa aliowahi kuandika.

“Kimefikaje kuwa cheusi hivi?” alimwuliza muuguzi. “Kidogo kidogo, au mara moja?”

Muuguzi alisema hajui, angemwuliza daktari. Agathe akasema atamngoja hapohapo.